Kikohozi cha Faili Namba Kumi na Tisa

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mto, ndani ya kamati ya ufadhili ya Shule ya Biashara, nikinywa chai ambayo kwa miaka thelathini na minne niliwapelekea wengine kwenye sinia.

Kwa aliyechelewa: mimi ni tarishi mstaafu wa Shule hiyo ya chuo kikuu. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa kuchungulia mafaili niliyobeba, na nimebeba mengi kiasi kwamba bega langu la kushoto hadi leo lina pembe nne. Nilipostaafu, mkuu wa Shule alisema kamati inahitaji mtu wa nje, mzee mwenye busara. Wakamtafuta, wakamkosa, wakanichukua mimi.

Niliwaahidi kwamba wiki hii nitalitoa lile ambalo sikumwambia mkuu. Haya, shikeni viti.

Nje ya geti la chuo, kando ya duka la fotokopi, nina benchi. Mwanafunzi aliyekwama ada huja pale, nami humwandikia barua ya kuomba ufadhili. Barua inakwenda kwenye kamati. Kamati inaisoma. Na kwenye kamati nimo.

Nimesema. Sasa naweza kupumua.

Barua zenyewe zilifika arobaini na moja. Tatizo ni kwamba uongo sikuusomea. Umaskini ninaoujua ni wa nyumba moja tu, yangu. Basi kila aliyekuja nikamgawia nyumba yangu: paa linalovuja juu ya kitanda, kabati la miguu mitatu lililoegemezwa kwa kitabu cha uhasibu, na babu mgonjwa anayekohoa. Ili barua zisifanane nilikuwa nabadilisha chombo cha kukingia maji. Huyu nikampa beseni la buluu, yule jekundu, mwingine ndoo isiyo na mkono.

Kikohozi sikukibadilisha. Kikohozi nilikipenda.

Jumatano ile tulikuwa wanne. Mkuu wa Shule, ambaye wote tunamwita Mama Rula kwa sababu hasomi karatasi bila kuweka rula chini ya mstari. Mshauri wa wanafunzi, Bwana Leso, ambaye hulia hata akisoma ratiba ya mitihani. Mhasibu, ambaye hakulia hata siku ya harusi yake, ingawa nasikia wengine wote walilia. Na mimi.

Majina ya waombaji hufichwa. Faili huwa na namba tu, asije mtu akampendelea mpwa wake.

Nafasi zilikuwa zimekwisha isipokuwa moja, na mafaili yalibaki matatu. Yote matatu kazi ya mkono wangu. Bwana Leso akafungua namba kumi na tisa.

"'Babu yangu hukohoa mara tatu kwa haraka,'" alisoma, sauti ikitetemeka. "'Kisha hunyamaza. Nasi tunashika pumzi, hatujui kama cha nne kitakuja. Huchelewa kama mgeni rasmi. Kikija, ndipo tunalala.'"

Leso ikatoka.

Mimi kikohozi chenyewe kilikuwa kifuani mwangu wakati uleule, kimekaa tayari. Nikatupia peremende mdomoni, ya tatu tangu asubuhi, nikakirudisha chini.

Namba kumi na tisa nilimjua. Namwita Uzi, kwa kuwa nguoni mwake hamkosekani kipande cha uzi. Yuko mwaka wa pili, anasomea uhasibu. Asipopata ufadhili, Ijumaa saa kumi jioni jina lake linaondolewa kwenye orodha ya mtihani, na akiondolewa ndiyo kwaheri ya chuo. Hana wa kumlipia, hana wa kumkopesha.

Alikuja kwenye benchi langu na karatasi ya vipimo ya fundi cherehani. Nyuma yake alikuwa ameandika mistari minne.

"Mjukuu wangu," nilimwambia nilipoisoma, "hii siyo barua. Hii ni risiti."

"Ndiyo ukweli, babu."

"Ukweli utausema ukishapata kazi. Kamati inalilia paa. Haijawahi kulilia pindo la suruali."

Karatasi yake nikaitia mfukoni mwa koti. Nikampa paa langu, beseni la buluu na kikohozi. Alisita sana, kalamu ikining'inia. Nikamhimiza. Akasaini.

Sasa tazameni nilipomfikisha.

"Bwana Leso, futa macho kwanza, utazame hapa," alisema Mama Rula, rula ikitambaa kutoka faili hadi faili. "Namba saba, paa linavuja juu ya kitanda. Namba kumi na mbili, paa linavuja juu ya kitanda. Kumi na tisa, juu ya kitanda. Hivi mvua ya mji huu haijui kunyesha jikoni?"

"Labda ni msimu," nikasema.

"Msimu wa vitanda?"

Mhasibu alikuwa ameshafungua kitabu cha kanuni. Yule bwana hukifungua kama wengine wanavyofungua soda.

"Kanuni ya kumi. Kamati ikiwa na shaka itamtembelea mwombaji anapoishi. Faili likikutwa na uongo, linafutwa." Akageuza ukurasa. "Isipokuwa kama uongo umeandikwa na mtu mwingine, na mtu huyo akakiri mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya kamati. Hapo mwombaji atasikilizwa upya. Na huyo mtu hatakanyaga tena eneo la chuo maisha yake yote."

"Maisha yote?" nikauliza. "Hata kwa chai?"

Wote watatu wakanigeukia.

"Kuna mtu unayemfikiria, mzee?" akauliza Mama Rula.

"Hapana. Nauliza kwa niaba ya jamii."

Muda ulitosha kumtembelea mmoja tu, basi wakaandika namba tatu kwenye vikaratasi, wakavitia kwenye kikombe, wakanipa mimi nichomoe. Eti kwa kuwa mimi ndiye nisiye na upande.

Namba saba alikuwa kijana mwenye simu inayoweza kununua kitanda changu na mimi juu yake. Kumi na mbili nilimwona akishushwa getini na gari la baba yake wiki moja baada ya kumwandikia. Nikaomba kimoyomoyo nimpate mmoja wao. Nikakoroga kikombe mpaka Mhasibu akasema siyo uji.

Nikachomoa kumi na tisa.

"Kesho saa nne asubuhi," alisema Mama Rula. "Mwombaji apigiwe simu atungoje getini."

Nilikwenda kwa fundi cherehani anakofanya kazi Uzi, kwa mwendo ambao magoti yangu yalikuwa yameusahau. Uzi alikuwa amechutama kwenye kona, suruali ya kijivu magotini, pini mdomoni.

"Babu, umeniua," alisema bila kuzitoa. "Wamenipigia sasa hivi."

"Hujafa. Sikiliza. Utawaelekeza nyumbani kwangu. Paa lipo, kitanda kipo, beseni lipo. Barua nzima imesimama pale inakungoja."

"Na babu anayekohoa?"

"Mimi."

"Na saa nne wewe utakuwa wapi?"

Nikatafuta peremende mfukoni.

"Utakuwa ndani ya gari la kamati," akasema. "Utashukia mlango huu ukiwa mjumbe, uzunguke nyuma ukapande kitandani ukiwa mgonjwa?"

"Tutaazima mtu wa kukohoa."

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi.

"Babu, kwenye barua ulidanganya wewe, mimi niliweka sahihi tu, na tangu siku ile sijalala vizuri. Kesho nidanganye kwa mdomo wangu?"

"Neno moja tu, mjukuu wangu. Gari likifika kituo cha mafuta, dereva akikuuliza, sema kushoto. Hata siyo uongo. Ni upande."

Aliinama akakata uzi kwa meno.

Nikageukia nyumbani kuandaa umaskini. Nikiwa bado sijafika kona, nikasikia nyundo.

Ko, ko, ko. Ikitokea kwangu.

Mke wangu alikuwa uani ameshikilia ngazi kwa mikono miwili. Juu, fundi. Juu ya fundi, jua. Na chini ya fundi, wapendwa, mabati mapya yanayong'aa mpaka nikaziba macho.

"Mama watoto, hii nini?"

"Macho yako yameharibika? Paa."

"Leo?"

"Miaka kumi na moja unaniambia utapanda Jumamosi. Nimengoja Jumamosi mpaka zimeniishia."

Nikakaa juu ya rundo la mabati makuukuu. Miaka kumi na moja lile tundu lilinisumbua, na siku ninayolihitaji linapigiliwa misumari.

"Fundi!" nikaita. "Niachie tundu moja. Dogo. Juu ya kitanda."

Fundi akamtazama mke wangu. "Mama, mzee mzima?"

"Endelea kugonga," mke wangu akasema. Kisha kwangu: "Mwanamume gani anaomboleza kwa sababu nyumba yake haivuji?"

Ikabidi nimweleze. Nikamweleza yote, benchi, kamati, kanuni ya kumi, barua arobaini na moja. Nilidhani atapiga kelele. Aliachia ngazi, fundi akapiga yowe, mke wangu akaishika tena.

"Kwa hiyo chuo kizima kinalijua kabati langu?"

"Kwa namba tu. Jina lako halimo."

Akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ngazi, na fundi akapiga yowe la pili. Halafu kicheko kikaisha ghafla.

"Na huyo binti. Kwao kunavuja?"

"Hana kwao. Analala stoo ya fundi cherehani, juu ya magunia ya mabaki ya vitambaa. Mchana darasani, jioni anakunja pindo za suruali."

"Na hilo hukuliandika."

"Halikuwa na machozi."

Mke wangu alinizunguka, akanivua koti mabegani polepole, kama mtu anayemvua mtoto.

"Limechafuka," akasema. "Nikalifue."

Tumeoana miaka thelathini na tisa. Mke wangu akinifulia nguo bila kunisema, najua kuna jambo linachemka. Sikuuliza. Woga nao ni akili.

Alhamisi saa nne tukapakia. Uzi alikaa mbele karibu na dereva, blauzi imepigwa pasi, kipande cha uzi mweupe begani. Sisi wa kamati nyuma, mimi nimebanwa katikati ya Bwana Leso na mlango. Mama Rula alikuwa na faili mapajani na rula juu ya faili. Asubuhi ile mke wangu alikuwa ameondoka kabla sijanywa chai. Nikajifariji kwamba amekwenda sokoni.

Tukafika kituo cha mafuta.

"Kushoto au kulia?" akauliza dereva.

Nilikuwa na peremende mdomoni. Nikaacha kuinyonya.

Uzi alitazama mbele. "Kulia," akasema.

Peremende ikanishuka nzima.

"Kulia?" nikaropoka.

"Mzee, unapajua kwao?" Mama Rula aliuliza.

"Hapana. Napenda tu kushoto."

Gari likasimama kwa fundi cherehani. Uzi akashuka, akawangoja wote washuke, akasimama mbele yao mikono ikiwa ubavuni kama anayeapa.

"Sina paa linalovuja. Sina babu mgonjwa. Naishi hapa nyuma. Nimeona bora mpaone wenyewe kuliko niwapeleke kwingine."

Mhasibu akatoa kalamu. Sauti ya kifuniko chake ilinichoma.

"Tuone," akasema Mama Rula.

Uzi akasukuma mlango wa stoo. Chumba chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Magunia ya vitambaa yamepangwa kuwa kitanda, shuka limetandikwa halina hata kunyanzi. Vitabu vimesimama ndani ya sanduku la cherehani. Suruali zimetundikwa kwenye kamba, kila moja na kikaratasi chake.

Na juu ya yale magunia ameketi mke wangu, beseni la buluu mapajani.

Kwenye kamati hakuna aliyemjua. Mimi ndiye niliyemjua, na nilitamani nisingemjua.

"Karibuni," alisema. "Beseni la kwenye barua ndilo hili. La kwangu. Binti hana beseni."

"Wewe ni nani, mama?" akauliza Mama Rula.

"Mke wa aliyeandika hiyo barua. Na hii nimeikuta mfukoni mwa koti lake, nilipokuwa nalifua." Akatoa ndani ya beseni karatasi ya vipimo, imenyooshwa kwa pasi.

Mama Rula akaiweka juu ya faili, akaweka rula, akasoma kwa sauti mstari kwa mstari.

"'Nalala stoo kwa fundi. Nakunja pindo za suruali kila jioni, kumi na mbili nikiwahi. Ada ya mwaka wa kwanza niliilipa hivyo. Ya mwaka wa pili imenishinda. Naomba mnisaidie nusu, nusu nitashona.'"

Nilimtazama Bwana Leso nikitegemea mafuriko. Hakulia. Alikunja leso yake mara nne, akairudisha mfukoni, akabaki anatazama lile shuka.

Mhasibu alikuwa anatazama kamba.

"Ile ya kijivu ni yangu," alisema.

"Nimeimaliza jana," Uzi akajibu. "Mguu wako wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Nimeurekebisha."

"Miaka ishirini hakuna fundi aliyeligundua hilo." Akaitazama kalamu yake kama kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaifunga.

Nikadhani tumepona. Nilikuwa nimesahau ni nani anayeshika rula.

"Maneno haya ni mazuri," alisema Mama Rula, "lakini hayamo kwenye faili. Kwenye faili kuna uongo wenye sahihi ya huyu binti. Kanuni nitaifuata. Namba kumi na tisa naifuta hapa hapa, isipokuwa aliyeandika ajitokeze. Binti, ni nani?"

"Simtaji," alisema Uzi. "Alitaka kunisaidia."

"Mama?"

"Kanuni yenu si inataka akiri mwenyewe, kwa hiari yake?" mke wangu akauliza. "Basi nikimtaja mimi nitakuwa nimemharibia binti. Atasema mwenyewe."

Hakunitazama. Alitazama ndani ya beseni kana kwamba kuna samaki.

Nikaliona geti. Miaka thelathini na minne nimepita pale kila asubuhi, askari wananipigia saluti ya utani. Nikakiona kiti chenye mto. Nikakiona kikombe cha chai kikipita na sinia la mtu mwingine. Kisha nikamwona Uzi, na kile kipande cha uzi begani ambacho hakuna aliyemwambia akitoe.

Nikavuta pumzi nianze kusema.

Nilisahau nimesimama wapi. Stoo ya vitambaa ina vumbi la vitambaa. Nilivuta pumzi nikavuta na suti tatu na gauni la harusi, na peremende ilikuwa imekwisha.

Nikakohoa. Mara moja, mbili, tatu, haraka haraka.

Kisha kimya.

Bwana Leso akainua kichwa polepole. Midomo yake ilikuwa inatembea, inahesabu. Mama Rula aliifungua barua, rula ikashuka mstari, ikashuka mstari, ikasimama. Nilijua imesimama wapi.

Akainua macho, akanitazama kifuani.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo huchelewa, ilipofika. Cha nne kikitoka kabla sijasema, nimekamatwa, sijakiri. Na kukamatwa siyo kukiri. Mhasibu anaijua tofauti hiyo kwa namba ya ukurasa. Mimi nitafukuzwa getini, na Uzi atafutwa vilevile.

Stoo nzima ilishika pumzi, kama nilivyoiandika mwenyewe.

Neno lilikuwa tayari ulimini. Kikohozi kilikuwa kinapanda, hicho, kimeshafika shingoni. Na mlango wa kutokea vyote viwili, wapendwa, ni mdomo mmoja.

Nikaufungua.